Kofia Isiyoshika

Saa nne asubuhi, Kadutu haina umeme.
Nimegeuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani
kukinga jua la Bukavu, ambalo leo
linatoka na kujificha kama mwenye deni.

Tone la Bahizire limelala kati ya vioo viwili.
Zinatembea. Hilo niliandika kwanza:
ni nyingi, zinatembea, mikia mizima.
Kisha nikabadilisha lenzi, nikaweka kalamu chini.

Vichwa vyote ni duara.
Nilitafuta hata kimoja kilichochongoka.
Nilihesabu mia mbili. Duara.

Miaka sita Nsimire anakunywa majani.
Katika faili lake kuna picha tatu za tumbo,
vipimo vya damu, sindano, risiti za mganga wa Walungu
alizozibana humo kwa pini, sijui kwa nini.
Faili la mume lilifunguliwa jana.

Mbegu haizaliwi tayari. Ni kazi ya siku kama sabini na nne.
Mwanzoni ni seli nono, haina mkia wala haraka,
imeungana na ndugu zake kwa madaraja membamba;
maana katika kugawana urithi
huyu alipata X, yule akapata Y,
na kila mmoja anakopa kwa mwenzake
protini ambazo fungu lake halina.
Seli mlezi imewapakata wote, inawalisha,
na mabaki wanayovua inayala yenyewe.

Jeni zinaamka kwa zamu. Nyingine
hazijawahi kusema neno mahali popote mwilini
ila hapa, siku hizi chache, kisha zinanyamaza.
Histoni zilizoishika DNA tangu mimba
zinaambiwa: basi, mmefanya kazi, tokeni.
Protamini zinaingia kukaza.
Nimewaona wamama wa Ruzizi wakifunga balo la nguo:
goti juu, kamba, goti tena, meno kwenye fundo,
hadi nguo za nyumba nzima zinakaa mgongoni mwa mtu mmoja.
Hivyo hivyo babu, bibi, pua ya ukoo, kigugumizi cha shangazi,
vyote vinafungwa
katika kichwa ambacho jicho halikioni.

Halafu kofia.
Mfuko mwembamba wa vimeng'enya, wa kulainisha ganda la yai.
Kuna protini kwenye utando wa kiini
kazi yake ni kuishika isiteleze.
Ikikosekana, kofia inaondoka na makombo,
kichwa kinabaki duara,
na mbegu inasafiri njia yote ikafika mlangoni
haina mkono wa kubisha.

Jeni gani imekatika? Siwezi kusema.
Mashine ya kuisoma hatuna;
nina dirisha, na jua la kuazima.
Naandika nilichokiona, nagonga muhuri.

Bahizire ni fundi wa kulehemu kule Essence.
Vidole vimejaa makovu madogo ya cheche.
Alisoma karatasi mara mbili, akaomba kuangalia.
Nikamwachia kiti. Alifumba jicho moja bila kuambiwa,
akakaa kimya muda mrefu kuliko wagonjwa wengi.

"Zinakwenda," alisema.
Zinakwenda, nilimjibu. Kofia tu haikushika.
"Kiungo kilikataa."
Kiungo kilikataa.
"Na fundi hakulala kazini?"
Hapana. Alikosa kifaa kimoja. Alizaliwa bila hicho.
Kuna madaktari wanaosaidia yai na mbegu ya hivi, nikaongeza,
si hapa, si rahisi, na si kila mara.

Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.
Nje, kwenye benchi la ubao, mama yake alikuwa na chupa
ya maji ya kijani, kizibo cha gunzi,
dawa ya Nsimire ya wiki hii.
Nsimire alikuwa pembeni, anaangalia viatu vyake.

Bahizire hakusema kitu.
Aliipokea chupa kwa mikono miwili, kwa heshima,
akaing'oa kizibo,
akanywa yeye, yote,
uso umekunjamana kwa uchungu,
mama yake amesimama, mdomo wazi,
na Nsimire, polepole,
ameinua kichwa.